Muti ya Habineza
Wasifu wa marehemu Habineza Théoneste, 1956–2024

Wazee wetu, majirani, na ninyi mliovuka mpaka asubuhi hii kutoka Goma kuja kumzika pamoja nasi, poleni sana. Rukundo, mtoto mkubwa wa marehemu, amekwisha kuwasomea kwa Kinyarwanda. Familia imenipa mimi nisome kwa Kiswahili, kwa sababu nusu ya marafiki wa marehemu ni watu wa karakana na wa sokoni, na kwa sababu mimi, Karenzi, nilifundisha Kiswahili hapa Rubavu miaka ishirini na mitatu. Nimemwoa Uwera, mdogo wa kike wa marehemu. Mtanivumilia. Nimezoea kusahihisha maandishi ya watu, na haya yangu nimeyachana mara nne.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Aprili 1956 huko Kanama, mtoto wa tatu kati ya saba wa mama yetu Mukasine. Mvua ilikuwa kubwa wiki ile, na mama alisimulia kwamba mkunga alifika akiwa na matope mpaka magotini. Nyuma ya nyumba yao kulikuwa na miti ya vinyomoro, matunda yale yenye umbo la yai ambayo kila mmoja wetu hapa ameyanyonya na kuchafua nayo shati. Vya mama Mukasine havikuwa kama hivi vya sokoni. Vilikuwa vyekundu vya kukaribia weusi, vikali kidogo, na watu walitoka Mahoko kuja kumwomba. Kinyomoro hakiishi miaka mingi kama avoka. Kikifika miaka sita au saba kimechoka, kwa hiyo mama alitoa mbegu kwenye tunda lililoiva vizuri, akazikausha, akapanda upya. Marehemu alikua akiiona kazi hiyo.

Alianza shule ya msingi kule kule Kanama mwaka 1963 na kumaliza mwaka 1969. Alikuwa mzuri wa hesabu. Nafasi za kuendelea zilikuwa chache na yeye hakupata. Hilo lilimuuma zaidi ya alivyokubali, na nadhani ndiyo maana mpaka uzeeni aliniita Mwalimu, hata aliponikasirikia.

Mwaka 1973, akiwa na miaka kumi na saba, alivuka kwenda Goma kujifunza useremala kwa fundi mmoja mtu wa Bukavu. Alikaa huko miaka sita. Aliporudi mwaka 1979 alifungua karakana hapa Gisenyi, karibu na soko, na wengi wenu mnalala juu ya kazi yake mpaka leo. Milango ya marehemu haikulia. Vitanda vyake havikutikisika, na kama kuna mtu hapa ana ushahidi tofauti, si leo.

Nawaomba mlishike neno hili kuhusu Goma, maana nitalirudia. Kazi ya mikono marehemu aliijifunza kwa Kiswahili, Kiswahili cha kule, na tangu hapo kila kazi ya mikono aliifanya kwa lugha hiyo. Nyumbani na kanisani alisema Kinyarwanda. Akishika msumeno au jembe, kinywa kilibadilika chenyewe. Aliigombeza miti yake kwa Kiswahili na kuisifu kwa Kiswahili.

Tarehe 8 Agosti 1981 alifunga ndoa na Mukandutiye, binti wa Nyamyumba. Siku ya kujitambulisha kwa wakwe alifika mapema kabla ya wenzake, amebeba mche wa kinyomoro uliofungwa kwenye jani la mgomba. Baba mkwe aliutazama mche, akamtazama kijana, akauliza kama huyo ndiye ng'ombe. Marehemu alijibu kwa heshima kwamba ng'ombe yuko njiani anakuja taratibu, ila mche usingeweza kusubiri jua. Walicheka mpaka wazee wakafuta macho. Mama Mukandutiye ananiambia mche ule ulizaa kabla yeye hajazaa. Mungu aliwajalia watoto watatu: Rukundo, Nziza na Igor.

Miaka ya 1994 hadi 1996 marehemu alipitia yaliyowapata watu wa hapa. Yeye mwenyewe hakupenda kuyasema, nami sitayasema kwa niaba yake. Mwishoni mwa 1996 mimi nilirudi nchini kutoka Karagwe, Tanzania, nilikozaliwa, nikapewa kazi ya kufundisha. Mwaka 1999 nilimwoa Uwera, tukajenga jirani na marehemu, juu kidogo ya barabara ya kwenda Nyamyumba. Kati yetu kulikuwa na ua tu, na juu ya ua ule tuligombana miaka ishirini na mitano.

Tuligombana juu ya neno moja. Yeye alisema muti, mimi nikasema mti.

“Mwalimu, muti yangu imekauka huku juu.”

“Mti wangu umekauka.”

“Pole, na ya kwako pia?”

Nilimweleza kwamba muti kwa Kinyarwanda ni dawa, mtoto mdogo anajua hivyo, na kwa hiyo mtu mwenye adabu akisema Kiswahili aseme mti, tusije tukachanganyikiwa. Nilimwambia, tena mbele ya watu, “Siku moja utaomba muti nami nitakuletea kidonge.” Naye alinijibu bila kuacha kupalilia, “Bon. We sema mti, mi nachunga muti. Tutaona gani itazaa.” Yake ilizaa. Mimi sikupanda hata kitunguu.

Bustani ile haikumpa mapumziko mwaka mzima, hasa baada ya kumwachia Igor karakana mwaka 2016. Januari na Februari mvua inapokatika alipogoa matawi yaliyokwisha kuzaa na kuandaa miche. Mvua kubwa za Machi hadi Mei zilimtesa, kwa sababu kinyomoro kikisimama kwenye maji siku mbili mizizi inaoza, na yeye alichimba vijito vya kupitisha maji akiwa na gunia kichwani, mke wake akimwita mlangoni aingie ndani. Ukungu ulipanda kwenye majani. Vidukari walijaa chini ya majani, naye akawaosha kwa maji ya sabuni, jani baada ya jani. Juni hadi Agosti alibeba maji asubuhi na kufunika udongo kwa majani makavu ya migomba. Palizi alifanya kwa vidole, maana mizizi ya kinyomoro iko juu juu na jembe linaikata. “We Mwalimu, toa mguu! Iko unakanyaga mizizi yake!” Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yangu nikipita uani kwao.

Kazi aliyoiogopa kuliko zote ilikuwa ya Septemba. Wakati huo matunda yanakuwa yamejaa mtini lakini bado mabichi, na mvua za umuhindo, yaani vuli, zinakuja na upepo. Tawi la kinyomoro ni laini, likilemewa na kusukumwa upepo linapasuka pale linapogawanyika, na mti mzima unafunguka mpaka chini. Kwa hiyo kila mwaka, kabla ya upepo, marehemu alikata nguzo za mkaratusi zenye panda juu, alama ya V, akazichonga vizuri kama mtu anayechonga mguu wa kiti, akaegemeza kila tawi kubwa juu ya panda lake. Mei 2021, mlima wa moto ulipolipuka ng'ambo na ardhi ikatikisika hapa mpaka ukuta wake ukapata ufa wa kupitisha kidole, watu tulikimbia na redio, magodoro na vyeti. Yeye alikimbilia Kanama na ndoo yenye miche miwili. Nilimcheka. Ile miche miwili, pamoja na watoto wake, ndiyo ilikuja kuwa miti minane.

Halafu ugonjwa uliingia. Ulianza mwishoni mwa 2022, majani yakajikunja, matawi yakakauka kuanzia nchani. Alijaribu majivu. Alijaribu maji ya tumbaku, dawa ya dukani, na sala. Mtaalamu wa kilimo alikuja akatazama, akasema ng'oa, choma, usipande tena udongo huu kwa miaka kadhaa. Kanama nako mbegu ya mama ilikuwa imekwisha zamani, nyumba imeuzwa, pamelimwa viazi. Marehemu aling'oa miti saba kwa mikono yake, mmoja mmoja, kwa muda wa mwaka na nusu. Nilimwona akiuchoma wa saba. Nilisimama kwenye ua na kikombe changu cha chai mpaka moshi ukaisha.

Ulibaki wa nane, mdogo wa yote, nyuma ya jiko. Kwa nini ule haukuugua hatujui. Agosti mwaka huu ulikuwa na uzao wake wa kwanza, matunda zaidi ya sitini, mabichi. Hapo ndipo aliponiambia jambo ambalo sikulipa uzito wake. “Mwalimu, hii ndiyo ya mwisho ya mama. Novemba ikiiva, mi natoa mbegu, napeleka kwa ndugu zetu Kanama, napanda kwa udongo mupya. Ikianguka ingali kijani, imekwisha. Kijani haina mbegu.” Nilimwambia aseme mpya.

Jumanne tarehe 17 Septemba 2024, kama saa nne asubuhi, mama Mukandutiye alisikia msumeno umenyamaza huko uani. Alimkuta mume wake amelala kando ya mbao. Ilikuwa kiharusi. Mkono na mguu wa kulia vilikufa ganzi, na sauti ikaondoka. Tulimfikisha hospitali mchana huo huo, na wauguzi walimshughulikia kwa moyo, sina lawama kwa mtu yeyote wa pale. Lawama ninayo, lakini nitaisema kwa zamu yake.

Siku ya tatu alitoa neno la kwanza. Nziza na mimi tulikuwa kando ya kitanda. Kinywa kilikuwa kimepinda, alihangaika sana, jasho likamtoka, kisha akasema, “Muti.”

Nziza aliruka kwa furaha. Baba amesema! Baba anaomba umuti, anaomba dawa! Nami, mwalimu wa Kiswahili, niliwaza hivi: mgonjwa anarudi kwenye lugha ya mama yake, na huyu mtu nimemfundisha miaka ishirini na mitano kusema mti, basi akisema muti ni Kinyarwanda. Nilimwita muuguzi. Alikuja na kidonge cha maumivu na maji.

Marehemu alikitazama kile kidonge. Alitikisa kichwa. Akasema tena, “Muti,” akainua mkono wa kushoto na kuonyesha vidole viwili, vimetanuka.

“Anataka viwili,” nilisema.

Muuguzi alikataa, kipimo ni kimoja. Jamani, nilibishana naye! Nilisimama pale wodini nikamwambia mzee ana uchungu, mzee anaomba mwenyewe, vidole hivyo hapo, wewe huoni? Nziza alilia. Muuguzi alimwita daktari, daktari akakubali kuongeza nusu. Nilijiona nimemtetea shemeji yangu. Tulimwinua kichwa tukampa. Alimeza. Alinitazama muda mrefu, na alimeza, kwa sababu alikuwa mtu wa adabu na tulikuwa tumehangaika.

Hali hiyo iliendelea wiki tatu. Kila siku muti, kila siku vidole viwili, kila siku kidonge. Nilileta dawa nyingine za dukani. Uwera alileta mitishamba ya Nyamyumba. Ndugu wa Goma, ninawaona hapo nyuma, mlileta ya kupaka. Kila tulichompa alikipokea. Kuelekea mwisho wa wiki ya tatu alikuwa akisema neno lile huku machozi yanatoka, nasi tukaambizana kwamba maumivu yamezidi.

Ijumaa tarehe 11 Oktoba alasiri upepo ulipiga. Ninyi wa hapa mnaukumbuka, uling'oa mabati ya watu. Kesho yake asubuhi nilikwenda nyumbani kwa marehemu kuchukua mashuka safi. Nilimkuta mama Mukandutiye nyuma ya jiko. Ule mti ulikuwa umepasuka katikati kuanzia kwenye panda mpaka karibu na ardhi, nusu huku, nusu kule, na matunda yote chini, mabichi, yamejaa matope. Alikuwa ameshika nguzo ya mkaratusi. Nyingine tatu zilikuwa zimeegemea ukuta, zimechongwa vizuri. Zilikuwa hapo tangu siku aliyoanguka. Tulipita mbele yake wote tulipokuja kutoa pole. Mimi mwenyewe nilikuwa nimetundika koti langu juu ya mojawapo.

“Alizikata siku ile ile,” mama Mukandutiye alisema. “Ilibaki kuziweka tu. Mimi niliwaza hospitali, nikasahau.”

Nilitazama juu ya nguzo, pale anapolaza tawi. Lile panda lilikuwa vidole viwili vimetanuka.

Mambo mengine mtu hawezi kuyaeleza mbele ya watu, lakini nitajaribu. Nilikaa chini kwenye matope na suruali yangu ya kwendea hospitali. Wiki tatu mtu huyu alikuwa amelala pale, hana mguu, hana mkono, amebakiwa na neno moja, na neno lenyewe amelisema sawasawa, kwa lugha ya kazi, kwa mtu aliyejidai anaijua. Kazi ilikuwa ya robo saa. Hata mimi ningeiweza.

Tulirudi hospitali pamoja, mama Mukandutiye na mimi. Marehemu alifumbua macho, akaniona, akainua vile vidole. “Muti,” alisema.

Nikamjibu, “Muti iko muzuri. Nguzo tumeweka zote ine.”

Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu kusema muti. Mama Mukandutiye alikuwa amesimama nyuma yangu. Alinisikia, hakunisahihisha. Marehemu alishusha mkono, akavuta pumzi, akafumba macho. Tangu siku hiyo hakuomba tena kitu. Muuguzi alifurahi, akasema dawa sasa inamwingia.

Marehemu Habineza Théoneste alifariki Jumamosi tarehe 26 Oktoba 2024, saa moja asubuhi, mke wake akiwa amemshika mkono wa kushoto. Alikuwa na umri wa miaka sitini na minane.

Nimeulizwa na watoto kama kweli haya yaandikwe kwenye karatasi ya mazishi. Rukundo hakupenda. Nziza alisema baba yake hakuficha ufa kwenye ubao, aliuonyesha kwanza ndipo akaujaza. Basi nimeyaandika.

Mama Mukandutiye aliokota yale matunda, sitini na moja. Aliyafunga kwenye majani ya migomba na kuyaweka jikoni karibu na joto. Mengi yameoza. Matatu yalipata rangi, jana tukayakata. Katika mawili mbegu zilikuwa laini, zinapondeka kwa ukucha. Katika la tatu zimo chache ngumu kidogo, na Uwera amezitandaza juu ya gazeti dirishani kwetu. Kama zinafaa, sijui. Kama zikaushwe kivulini ama juani, zipandwe sasa ama zisubiri Februari, sijui pia, na mtu wa kumuuliza ndiye huyu tunayemzika.

Marehemu ameacha mke, mama Mukandutiye, watoto watatu, Rukundo, Nziza na Igor, wajukuu watano, dada wawili, Uwera akiwa mmoja wao, na mimi, shemeji yake, Karenzi. Ameacha avoka mbili, marakuja, yaani pasheni, ya kwenye ua, na nguzo nne. Kinyomoro hakuacha.

Hapa sasa ningetakiwa kuwageukia ninyi niwaombe mmwombee apumzike kwa amani. Mwombeeni. Mimi naomba nimgeukie yeye kidogo, kwa maneno yake, maana safari hii sitaki anisikie vibaya.

Shemeji, muti ilivunjika. Mi nilikudanganya, nguzo hatukuweka hata moja. Unisamehe, upumzike.